Tunda ni maji: hotuba kuhusu mafini za matunda za nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaopenda jiko, habari za asubuhi. Nashukuru sana kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie mafini za matunda, yaani vikeki vidogo vya trei yenye vishimo, zile za jadi tunazooka nyumbani kwa bakuli mbili na mwiko mmoja, na nimeona si vizuri kuzizungumzia bila kuzioka. Ndiyo maana meza hii imejaa unga na mayai, na oveni ile pale pembeni inawaka tangu nusu saa iliyopita. Nitachanganya huku nasema, nitaingiza trei, na wakati zinaiva nitaendelea na maneno. Zikitoka, tutazipasua pamoja tuone kama niliyosema ni kweli.

Neno nililokuja nalo ni fupi: tunda ni maji. Wengi wetu tunalichukua tunda kama pambo. Tunatengeneza rojo kamili, maziwa yote na mayai yote, kisha mwishoni tunamwagia matunda juu, kama fundi anayeongeza vifungo kwenye shati lililokwisha kushonwa. Tunda halikubali kuwekwa hivyo. Stroberi ni maji kwa takribani asilimia 91. Nanasi ni kama 86, tufaha 85, bluberi 84, embe 83. Hata ndizi mbivu, ambayo ukiishika unaiona nzito na kavu, robo tatu yake ni maji. Ukitia gramu 200 za nanasi bichi kwenye rojo, umetia karibu robo tatu ya kikombe cha maji ambayo hukuyapima. Hayatoki wakati ule unapochanganya. Yanatoka ndani ya oveni, joto likishapasua chembe za tunda, wakati ambao wewe huna tena la kufanya.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Nilipoanza kuoka kwa ajili ya watu, mama mmoja aliniomba mafini 48 za nanasi kwa shughuli yake. Nilitaka kumridhisha. Nikalikata nanasi usiku wa kuamkia siku hiyo, nikalinyunyizia sukari ili liingie utamu, nikalifunika na kulilaza kwenye friji. Asubuhi nikakuta vipande vinaelea kwenye maji yao. Sikujua kwamba sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda; niliona kumwaga yale maji matamu ni kupoteza, nikayatia yote. Kwa juu mafini zilipendeza, zimepata rangi. Kwa chini zilikuwa mbichi, zimeshikana kama uji ulioganda, na karatasi zimelowa hadi zinachanika. Yule mama alizipokea zote, akabonyeza moja kwa kidole, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizi zimelia chini." Sikulala vizuri usiku ule. Lakini tangu siku hiyo, kila nikishika tunda jikoni swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: hili litalia kiasi gani, na lilie wapi?

Sasa tazameni mezani. Hiki ni kipimo cha trei moja yenye vishimo 12. Kwenye bakuli hili kubwa kuna gramu 250 za unga wa ngano wa kawaida, gramu 150 za sukari, vijiko viwili na nusu vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha mdalasini kwa sababu leo tunatumia tufaha.

Mmeona nimepima unga kwa mizani. Naomba mnivumilie hapa kidogo, kwa sababu ndipo mafini nyingi zinapoharibika kabla hata yai halijavunjwa. Kikombe kimoja cha unga uliochungwa na kumiminwa taratibu kinaweza kuwa na gramu 120. Kikombe kilekile ukikichovya kwenye mfuko na kukishindilia ukingoni kinafika gramu 150 na zaidi. Kwa vikombe viwili tayari umepishana gramu 60, na mafini iliyozidishiwa unga kiasi hicho inatoka kavu hata kama kila kitu kingine umekifanya sawa. Mtu atalaumu oveni, atalaumu mayai, kumbe ni kikombe. Kama huna mizani, chota unga kwa kijiko, uumimine kwenye kikombe bila kuugonga wala kuushindilia, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu.

Beking pauda nayo ijaribiwe. Hii hapa ni nusu kijiko cha chai, na hii ni glasi yenye maji ya moto. Namimina. Mnasikia? Inachacha kwa nguvu, mapovu yanapanda mpaka ukingoni. Hiyo iko hai. Ikitoa mapovu machache na kunyamaza, itupeni, hata kama tarehe ya kopo haijapita, kwa sababu unyevu wa jikoni huiua mapema. Magadi soda peke yake hayaamki kwa maji ya moto namna hii. Hayo yajaribuni kwa matone ya siki au limau.

Unga huu mweupe una historia ninayoipenda. Mwaka 1843 mkemia wa Kiingereza aitwaye Alfred Bird alitengeneza beking pauda kwa sababu mkewe hakuweza kula vitu vilivyoumuliwa kwa hamira. Alichanganya magadi na asidi kavu, na kwa kuwa vyote ni vikavu, vinakaa pamoja kwa amani mpaka maji yaingie. Mwaka 1856, Marekani, profesa Eben Horsford alipata hataza ya asidi ya fosfati iliyofanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu zaidi. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kitu laini cha ngano asubuhi mara nyingi alilazimika kuamka na kukanda unga wa hamira na kuusubiri uumuke. Mafini ya matunda tunayoijua, inayochanganywa na kuliwa ndani ya saa moja, imetokana na kopo hilo. Ipo mafini nyingine ya Kiingereza, bapa, ya hamira, inayopikwa juu ya chuma; hiyo ni ndugu wa mkate na siku yake itakuja.

Beking pauda nyingi za siku hizi zinachacha mara mbili, kwanza zikikutana na maji na pili zikikutana na moto. Nitalirudia hili tukifika kwenye trei.

Bakuli la pili ni la vitu vya majimaji. Mayai mawili, mililita 100 za mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai cha vanila, na maziwa mililita 180. Mama uliye safu ya mbele nakuona unahesabu. Ndiyo, umezoea kikombe kizima, mililita 240. Kama hizi zingekuwa mafini tupu, bila tunda, ningeweka kikombe kizima. Mililita 60 nilizozipunguza ndizo nafasi niliyoliachia tufaha. Litazileta lenyewe.

Mayai na maziwa yametolewa kwenye friji saa moja iliyopita. Ukitumia siagi iliyoyeyushwa badala ya mafuta, gramu 110 zinatosha, na hapo kuyatoa mapema ni lazima zaidi, maana siagi ikikutana na maziwa baridi inaganda vipandevipande na haitaenea tena. Siagi ina ladha nzuri kuliko mafuta, sitabisha. Lakini mafini ya siagi ikipoa inakaza, kwa kuwa siagi yenyewe inaganda ikipoa, na ya mafuta inabaki laini hadi kesho yake. Kwa hiyo za kuliwa moto naweka siagi, za kubeba kesho naweka mafuta.

Nimechapa haya ya majimaji mpaka yakawa rangi moja. Nimechimba shimo katikati ya unga. Namimina yote kwa mara moja.

Hapa naomba kila mtu atazame mkono wangu, kwa sababu sehemu hii haichukui hata nusu dakika. Napitisha mwiko pembeni mwa bakuli, naushusha mpaka chini, naupandisha katikati, nageuza bakuli kidogo. Moja. Tena. Mbili. Sikorogi kwa duara. Nane, tisa. Bado mnaona mistari ya unga mweupe, na vibonge vidogo kama punje za mahindi. Kumi na moja, kumi na mbili. Naacha.

Najua mkono wa kila mmoja wenu unawasha. Hivi vibonge vinaudhi macho. Tumelelewa kuambiwa rojo nzuri ni ile laini, isiyo na donge. Lakini unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukorogwa zinashikana na kuwa nyuzi zinazovutika, ndiyo gluteni. Kwenye mkate tunazitafuta, ndiyo maana tunakanda mpaka mabega yaume. Kwenye mafini zikizidi, gesi haiwezi kutawanyika. Inatafuta njia ya kupanda, na ndipo unapoikata mafini ukakuta mahandaki marefu yameelekea juu, kichwa kimechongoka kama kilele cha mlima, na ukiitafuna inavutika. Vibonge hivi vidogo vitapata maji yake ndani ya dakika chache vikiwa vimetulia, na motoni vitapotea. Mkiona donge kubwa kama kokwa la tende, hilo lipondeni. Hayo mengine yaacheni.

Na kumbukeni kwamba bado tunda halijaingia. Kuingiza tunda nako ni kukoroga. Ndiyo maana nimeacha rojo ikiwa bado na mistari: mizunguko minne au mitano ya tunda itamalizia kazi. Mtu anayekoroga mpaka ikatulia kabisa, halafu akaanza kuchanganya matunda, amekoroga mara mbili.

Haya ndiyo matufaha yetu. Yalikuwa mawili makubwa, nimeyakata vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, takribani sentimita moja. Kabla hamjafika niliyaweka kwenye kikaango na kijiko kimoja cha siagi, moto wa wastani, dakika sita hivi, nikikoroga mpaka ule mvuke mzito ukapungua na vipande vikaanza kung'aa. Kisha nikayaacha yapoe kabisa. Nilianza na gramu 300, sasa ni kama 220. Gramu themanini zilizopotea ni maji yaliyolia kwenye kikaango. Hayo hayatalia tena kwenye mafini zangu.

Kabla sijatia tufaha, nachota rojo tupu, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kishimo. Hili ni godoro. Tunda likishuka kidogo, na kipande kizito hushuka kidogo hata ufanye nini, litalala juu ya rojo na si juu ya karatasi. Sasa tufaha linaingia kwenye bakuli. Mizunguko minne. Nagawa iliyobaki mpaka vishimo vijae robo tatu, na juu ya kila moja nanyunyizia sukari kidogo, itapasukapasuka na kuwa gamba linalolia ukiling'ata.

Kwa kuwa hii ni beking pauda inayochacha mara mbili, trei inaweza kukaa mezani dakika kumi na tano bila kuharibika, na hata inafaidika, unga unakunywa maji na rojo inakaza. Kama mngetumia magadi soda na mtindi, msingesubiri. Hiyo inachacha mara moja tu, na ikishachacha imekwisha. Kwa mtindi, wekeni mililita 200 mahali pa maziwa, mpunguze beking pauda iwe kijiko kimoja na nusu, na muongeze nusu kijiko cha chai cha magadi soda.

Oveni iko nyuzi 220 za Selsiasi. Naingiza. Zitakaa kwa joto hilo dakika tano, kisha nitalishusha hadi 190 kwa dakika kumi na nne au kumi na sita. Ule moto mkali wa mwanzo unafanya mvuke na gesi kupanda haraka kabla gamba halijakaza, na hapo ndipo kichwa cha duara kinapotoka. Ukianza na moto mdogo zitaiva, lakini zitakuwa bapa. Oveni nyingi za nyumbani husema uongo kwa nyuzi kumi au ishirini, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kinamaliza mabishano. Na tafadhali, dakika kumi na mbili za kwanza mlango usifunguliwe.

Tunazo dakika ishirini. Nizitumie kwa matunda mengine, maana ninyi hamtaoka tufaha tu.

Ndizi ndiyo rafiki wa kila anayeanza. Ndizi mbichi ina wanga kama asilimia 20 hadi 25 ya nyama yake, na ikiiva karibu wanga wote unageuka sukari, unabaki asilimia moja au mbili. Kwa hiyo ile yenye madoa meusi, ambayo hakuna anayeitaka mezani, ndiyo inayofaa kwa mafini. Ya njano safi itakupa harufu ndogo na utamu mdogo. Ndizi haiingii kama kipande, inaingia kama rojo, na hapa kanuni yetu inakuwa wazi kabisa: ndizi tatu zilizopondwa, tuseme gramu 330 bila maganda, zinachukua nafasi ya maziwa. Maziwa yashushwe hadi mililita 60, na sukari ishuke hadi gramu 100. Ndizi zilizogandishwa kwenye friza zikiyeyuka zitaacha maji ya kahawia kwenye bakuli. Msiyamwage, yana utamu mwingi, ila msiyatie hivyo hivyo pia. Yachemsheni kwenye sufuria ndogo mpaka yawe mazito kama asali, ndipo yaingie. Mafini za ndizi zilizofanywa hivyo zina ladha ambayo sijaipata kwa njia nyingine yoyote.

Nanasi, nimeshawaambia lilivyonifundisha. Kateni vipande vidogo, muyachuje kwenye kichujio dakika kumi, kisha kikaangoni kama tufaha, dakika nane hivi, mpaka kingo zianze kuwa na rangi ya dhahabu. Sukari isiguse nanasi mpaka dakika ya kuchanganya. Embe lina njia mbili, na chagueni moja. Lililoiva likiwa bado gumu kidogo linakatwa vipande na kuingia bila kupikwa. Lililoiva hadi linabonyea lipondeni, mlichuje nyuzi, mlihesabu kama maziwa. Kosa ni kulikata vipande embe laini mno. Vinavunjika kwenye mwiko na vinakuwa si kipande wala rojo.

Beri ndogo, bluberi na jamaa zake, zina siri ya ngozi. Ngozi ikiwa nzima maji yanakaa ndani mpaka motoni, na hata yakitoka yanafanya kidimbwi kidogo cha zambarau kuzunguka kila tunda, jambo zuri. Ngozi ikipasuka bakulini, rojo yote inapata rangi. Zilizogandishwa zitieni zikiwa bado barafu, moja kwa moja kutoka friza, na muongeze dakika mbili tatu za kuoka. Ukiziyeyusha kwanza, zinalia zote bakulini. Wengine mtaona mafini za beri zina madoa ya kijani na buluu, mkadhani tunda limeoza. Rangi ya beri hubadilika kulingana na asidi: penye asidi inaelekea wekundu, penye magadi mengi inaelekea buluu na kijani. Madoa hayo yanawaambia kwamba magadi soda yamezidi au hayakuchanganyika vizuri kwenye unga. Mtindi kidogo unarudisha wekundu.

Matunda makavu yanataka kinyume chake, nayo yana watu wengi wanaoteseka bila kujua. Zabibu kavu zina maji kama asilimia 15 tu. Hizo hazilii, zina kiu. Ukizitia zilivyo, zitakunywa maji ya mafini yako usiku kucha, na kesho yake utakuta kila zabibu imezungukwa na ukavu. Zilowekwe kwenye maji ya moto dakika kumi na tano, zichujwe, zipanguswe kwa kitambaa. Nusu yake ukilowesha kwa maji ya chungwa, bora zaidi. Tende vilevile, na kwa tende weka chembe ya magadi soda kwenye maji ya kulowekea, ngozi yake inalegea inakuwa kama haikuwepo.

Dada pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza kuhusu kunyunyizia matunda unga ili yasizame. Sote tumefundishwa hivyo. Unga ule unasaidia kidogo kwa tunda lenye uso uliolowa, kwa sababu unakunywa ule unyevu wa juu na tunda linashika rojo. Lakini tunda zito kwenye rojo nyepesi litazama hata ulivishe unga mara tatu. Kinacholishikilia ni uzito wa rojo. Inua mwiko: rojo ikidondoka kwa mapande na kukaa juu kidogo kabla ya kutulia, itabeba tunda. Ikitiririka kama maziwa mazito, haitabeba. Na rojo inakuwa nyepesi kwa sababu gani? Tulitia maziwa yote, tukasahau kwamba tunda nalo lina maji yake.

Kuhusu sukari, najua wengi wanataka kuipunguza, na mnaweza. Kutoka gramu 150 hadi 100 mafini zitabaki nzuri, hasa kama tunda ni tamu. Chini ya hapo mtaanza kuona mabadiliko mengine, kwa sababu sukari inashika unyevu na inaleta rangi. Mafini yenye sukari kidogo sana inakuwa na uso uliopauka na inakauka mapema. Anayetaka kupunguza zaidi atumie ndizi au embe lililopondwa, atazipata sifa hizo kutoka kwenye tunda lenyewe.

Na kwa machungwa na malimau, thamani iko kwenye ganda. Kuneni ile rangi ya juu tu, sehemu nyeupe ya chini ni chungu, kisha muifikiche kwa vidole pamoja na sukari yenu mpaka sukari ilowe na kunukia. Mafuta ya ganda yanaingia kwenye sukari, na sukari inayapeleka kila mahali. Maji ya chungwa peke yake yakipita kwenye moto hubaki harufu ndogo sana.

Mnasikia harufu? Mdalasini umeanza kutoka. Bado dakika chache.

Kuna jambo dogo linanifurahisha. Majimbo matatu ya Marekani yana mafini rasmi kisheria. Massachusetts ilichagua ya mahindi mwaka 1986, New York ikachagua ya tufaha mwaka 1987, na Minnesota ya bluberi mwaka 1988. Ile ya tufaha na ile ya bluberi zilipendekezwa na watoto wa shule za msingi, wakawaandikia wabunge wao mpaka ikapitishwa. Walichagua tunda linalokua kwao, na mimi naona walichagua vizuri. Mafini ya matunda haikuanza na orodha ya dukani. Ilianza na tunda lililokuwa limezidi nyumbani, limeiva, likitafuta mahali pa kwenda. Mpishi akiniuliza tunda gani ni bora, namjibu: lile linaloiva wiki hii mahali ulipo.

Haya, muda umefika. Natoa.

Tazameni kwanza kabla ya kugusa. Vichwa ni vya duara, vimepasuka kidogo katikati, sukari imeng'aa. Nabonyeza hii ya katikati ya trei, maana hiyo ndiyo huiva mwisho: inarudi juu yenyewe. Nachoma kijiti. Kimetoka na vipande viwili vya makombo yaliyolowa, hakina rojo. Hapo ndipo. Kijiti kikitoka kikavu kabisa, tayari mmechelewa dakika mbili. Na angalieni msichome kwenye tunda, kijiti kitawadanganya.

Zinakaa kwenye trei dakika tano. Zikitolewa sasa hivi zitavunjika, ndani bado panakaza. Zikiachwa mpaka zipoe humo, mvuke utagonga chuma, urudi kama maji, na chini patalowa. Baada ya dakika tano zinahamia kwenye wavu huu, hewa ipite chini.

Zikibaki, na zikibaki mnijulishe mmefanyaje, zifunikeni kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni chini na juu, mezani, siku mbili. Zile zenye tunda bichi zinalowesha karatasi, muibadilishe. Friji sipendi, wanga hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi ule kuliko mezani. Friza ni sawa kabisa, miezi miwili mitatu, na zikirudishwa kwenye oveni dakika kumi kwa nyuzi 160 zinaamka.

Dakika tano zimepita. Kaka, naomba unishikie sahani. Naondoa karatasi. Sikilizeni, inabanduka bila kuchanika, na chini ni kahawia, kavu, hapajalowa. Naipasua kwa mikono, kwa sababu kisu kinaibana. Leteni macho karibu: matundu ni madogo, yametawanyika, hakuna handaki. Vipande vya tufaha, kimoja hapa juu, viwili katikati, hiki kimelala kwenye lile godoro la chini, na kuzunguka kila kipande mafini imeiva mpaka kwenye ngozi ya tunda. Ziko kumi na moja zimebaki, na mikono ninayoiona ni zaidi ya hiyo, kwa hiyo kila moja igawanywe mara mbili. Mama wa safu ya mbele, tuanze na wewe.